Kuuza roboti za maghala: oda leo, kamisheni mwaka kesho

HISA za kampuni ya Ocado ya Uingereza zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40 katika siku moja, Mei 17, 2018. Siku hiyo ilitangazwa kuwa Kroger, moja ya kampuni kubwa za maduka ya vyakula nchini Marekani, imekubali kujengewa hadi maghala 20 ambamo roboti za Ocado zingekusanya bidhaa zinazoagizwa na wateja.

Novemba 2025 Kroger hiyo hiyo ilitangaza kuwa inafunga matatu kati ya maghala yaliyokwisha kujengwa, katika majimbo ya Wisconsin, Maryland na Florida. Hisa ya Ocado iliporomoka hadi karibu na paundi 1.80, bei iliyouzwa kwa umma kampuni hiyo ilipoingia Soko la Hisa la London Julai 2010. Mwanzoni mwa 2021 hisa hiyo ilikuwa imevuka paundi 25.

Mwekezaji mdogo aliyenunua kwa furaha ya mkataba ule alinunua oda, na oda bado ilikuwa haijawa fedha. Tofauti ya vitu hivyo viwili ndiyo maisha ya kila siku ya kundi moja la wafanyakazi wasioandikwa sana magazetini, yaani maofisa mauzo wa mitambo ya kujiendesha na roboti za maghalani. Anayefahamu jinsi watu hao wanavyotafuta oda, na hasa siku wanayolipwa kamisheni yao, husoma taarifa za kampuni hizi kwa jicho jingine.

KINACHOUZWA

Biashara yenyewe ni ya zamani kuliko inavyodhaniwa. Mikanda ya kusafirisha makasha na kreni za kupandisha mizigo kwenye rafu ndefu zimeuzwa Ulaya, Marekani na Japani tangu karne iliyopita. Majina makubwa ni Daifuku ya Japani, SSI Schäfer ya Ujerumani, Vanderlande ya Uholanzi, Swisslog ya Uswisi na Dematic, ambayo tangu 2016 ni mali ya kampuni ya KION ya Ujerumani.

Kilicholeta msukosuko ni roboti ndogo. Mwaka 2003 Mick Mountz alianzisha kampuni ya Kiva Systems huko Massachusetts, Marekani. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Webvan, kampuni ya kuuza vyakula kwa njia ya intaneti iliyofilisika mwaka 2001, na aliona jinsi gharama ya kukusanya bidhaa ghalani ilivyokula faida. Roboti ya Kiva ilijiingiza chini ya rafu, ikainyanyua na kuipeleka kwa mfanyakazi aliyesimama mahali pamoja, ambaye zamani angetembea zamu nzima akiitafuta bidhaa.

Huko Norway, katika kijiji cha Nedre Vats, wazo la AutoStore lilizaliwa mwaka 1996. Kreti hupangwa moja juu ya nyingine bila njia kati yake, na roboti hutembea juu kabisa ya rundo hilo zikivuta kreti inayotakiwa. Nafasi inayookolewa ni kubwa, na kwa muuzaji hoja ya nafasi wakati mwingine ina nguvu kuliko hoja ya mishahara, hasa mahali ambapo kodi ya ghala imepanda.

MWAKA MZIMA BILA RISITI

Muuzaji wa sabuni anajua jioni kama siku yake ilikuwa njema. Kwa muuzaji wa roboti za maghala mambo ni tofauti. Katika mradi mkubwa, muda wa kutoka simu ya kwanza hadi sahihi kwenye mkataba mara nyingi ni mwaka mmoja hadi miwili, na ipo miradi inayozidi hapo.

Mambo huanza kwa kuonana. Maonyesho ya ProMat hufanyika Chicago katika miaka ya witiri, na ya MODEX hufanyika Atlanta katika miaka ya shufwa. Wajerumani wana LogiMAT kila mwaka mjini Stuttgart. Huko mitambo huwashwa mbele ya watazamaji na kila mtu hupewa kalamu na mfuko. Muuzaji mpya hurudi nyumbani na mamia ya majina akidhani ameuza. Mzoefu hurudi na majina machache ya watu ambao ghala lao limejaa, au mkataba wao wa kupanga unakaribia kwisha, au wamekosa vibarua msimu uliopita.

Hatua inayofuata ni kulitembelea ghala. Hapo muuzaji huacha kusema na kuanza kuuliza. Oda ngapi hutoka kwa siku? Kila oda ina bidhaa ngapi? Kuna bidhaa za aina ngapi kwa jumla, na zinazotoka haraka ni ngapi? Siku ya mwisho kabla ya Krismasi huwaje? Baadaye huomba rekodi za mauzo za miezi 12. Mteja anayezungushazungusha katika kutoa rekodi hizo kwa kawaida hana fedha, au hana ruhusa ya kuzitumia.

Rekodi hizo hupewa wahandisi, ambao huliendesha ghala zima ndani ya kompyuta kabla ya kuchora mtambo wowote. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi na mara nyingi mteja hailipii. Ndiyo maana wakubwa wa mauzo katika biashara hii humthamini mtu anayejua kumwacha mteja asiyefaa mapema. Anayebeba kila mteja anakula mishahara ya wahandisi, na mwisho wa mwaka hesabu hiyo huonekana.

Jambo jingine linalochelewesha ni wingi wa watu wenye uwezo wa kusema hapana. Meneja wa ghala anaogopa siku ya kwanza ya kuwasha mtambo. Mkuu wa kompyuta hataki programu nyingine ya kuunganisha na zake. Katika nchi kama Ujerumani baraza la wafanyakazi lazima lishirikishwe. Kampuni ya bima huuliza habari za moto, na muuzaji lazima awe na jibu, kwani kila mtu katika biashara hii anakumbuka ghala la Ocado la Andover, Uingereza, lililoteketea Februari 2019. Juu ya wote hao yupo mkurugenzi wa fedha, ambaye hajali roboti ina rangi gani.

HESABU YA MKURUGENZI WA FEDHA

Mkurugenzi huyo huuliza swali moja: fedha itarudi baada ya miaka mingapi?

Tuseme ghala moja la Marekani lina wakusanyaji bidhaa 60, na kila mmoja, pamoja na bima na kodi, humgharimu mwajiri dola 45,000 kwa mwaka. Mtambo wa dola milioni 5 utaondoa nafasi 40. Akiba ni dola milioni 1.8 kwa mwaka. Matengenezo na programu ni dola 300,000 kwa mwaka, hivyo inabaki dola milioni 1.5. Mtambo utajilipa katika muda wa miaka mitatu na miezi minne. Bodi nyingi zinaweza kuijadili hesabu hiyo.

Sasa tuseme biashara imepungua kwa theluthi moja, na nafasi zinazookolewa kwa kweli ni 27 tu. Akiba inashuka hadi dola milioni 1.2 na ushee, matengenezo yanabaki pale pale, na muda wa kujilipa unapita miaka mitano. Mtambo ni ule ule na bei ni ile ile, lakini oda imekufa. Vibarua wanaweza kupunguzwa biashara ikilala. Mkopo wa mtambo haupunguzwi.

Kwa wasomaji wanaojiuliza mbona roboti hizi hazijajaa katika magodauni ya Kurasini au ya Eneo la Viwanda la Nairobi, jibu limo katika hesabu hiyo hiyo. Tuseme kibarua analipwa kiasi kilicho sawa na dola 200 kwa mwezi. Watu 40 ni dola 96,000 kwa mwaka, ambazo hazifiki hata theluthi ya gharama za matengenezo peke yake. Kwa hesabu ya namna hii, anayeuza foklifti, rafu imara na programu nzuri ya kuhesabu stoo ana soko hapa. Mwenye roboti atasubiri.

Riba nayo imo. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Wakati huo huo, Amazon ilikiri mwaka 2022 kuwa imejenga maghala kupita mahitaji. Miradi iliyokuwa imekubaliwa kwa mdomo ilirudishwa kabatini. Maofisa mauzo waliozoea miaka ya 2020 na 2021, ambapo simu zilikuwa zikipigwa na wateja wenyewe, walijikuta wakipiga wao.

SIKU YA KAMISHENI

Ofisa mauzo wa biashara hii hulipwa mshahara wa msingi na kamisheni. Mshahara lazima utoshe kuishi, kwa sababu mwaka wa kwanza mtu anaweza asifunge mkataba hata mmoja bila kuwa na kosa lolote.

Kamisheni yenyewe mara nyingi hukatwa vipande. Kwa mfano, mpango unaweza kumpa muuzaji asilimia 1 ya mradi wa dola milioni 5, yaani dola 50,000. Nusu hutoka mteja anapoweka malipo ya awali. Nusu nyingine husubiri hadi mtambo umefungwa, umepita majaribio mbele ya mteja na mteja ametia sahihi ya kuukubali. Mwaka mwingine unaweza kupita katikati. Mikataba mingi ya kazi husema pia kuwa muuzaji akiondoka kabla ya hapo hapati kipande cha pili, na mradi ukivunjwa anaweza kudaiwa hata kile cha kwanza. Vifungu hivyo vimewauma wengi waliovisoma baada ya kuacha kazi.

Mpango huo una mantiki yake. Muuzaji anayelipwa chote siku ya sahihi atamwahidi mteja makasha 1,000 kwa saa hata kama wahandisi wamesema 800. Atakayeumia ni kampuni, wakati mteja atakapokataa kuupokea mtambo.

Lipo pia swali la asilimia ya nini. Kampuni zinazolipa kamisheni juu ya thamani ya mauzo hupata mauzo, na zinazolipa juu ya faida ya mradi hupata oda chache zenye nyama. Mwaka 2022 ulionyesha kwa nini jambo hili si dogo. KION, mwenye Dematic, ilitoa onyo la faida Septemba mwaka huo. Miradi ilikuwa imeuzwa kwa bei isiyobadilika, kisha bei za vyuma na vipuri zikapanda na vifaa vikachelewa. Oda zilikuwa tele. Robo ya tatu ya mwaka ilifungwa kwa hasara.

Symbotic ya Marekani ni mfano mwingine. Kampuni hiyo iliingia soko la Nasdaq Juni 2022, mwezi mmoja baada ya Walmart kukubali kufungiwa mitambo katika vituo vyake vyote 42 vya kanda vya kusambaza bidhaa. Kitabu chake cha oda kilizidi dola bilioni 20, wakati mapato ya mwaka wa fedha wa 2024 yalikuwa karibu dola bilioni 1.8. Sehemu kubwa mno ya mapato hayo ilitoka kwa Walmart peke yake. Novemba 2024 kampuni ilieleza kuwa kulikuwa na makosa katika kuhesabu mapato, yaliyohusu gharama zilizozidi katika baadhi ya miradi na ambazo mteja asingeweza kutozwa. Hisa ilipoteza zaidi ya theluthi moja ya thamani yake kwa siku moja. Hakuna mteja aliyekuwa amefuta oda.

BIDHAA INAPOTOWEKA

Hatari nyingine ya kazi hii haiko mikononi mwa muuzaji hata kidogo. Machi 2012 Amazon ilitangaza kuinunua Kiva kwa dola milioni 775 taslimu. Wakati huo Kiva ilikuwa ikiwauzia watu wa nje, wakiwemo Staples na Walgreens. Baadaye Amazon iliacha kuuza roboti hizo kwa wengine na kuzitumia zote yenyewe. Katikati ya mwaka 2025 ilitangaza kuwa imefikisha roboti milioni moja katika maghala yake.

Kwa wenye hisa wa Kiva hiyo ilikuwa siku ya sherehe. Kwa muuzaji aliyekuwa na wateja nusu njiani, orodha yake ya miaka miwili iligeuka karatasi. Hata hivyo pengo lililoachwa ndilo lililozaa washindani. Locus Robotics ilitokana na Quiet Logistics, kampuni ya maghala iliyokuwa mteja wa Kiva na ikajikuta haina pa kununua. Waliokuwa viongozi Kiva walianzisha 6 River Systems mwaka 2015. Wauzaji wenye majina ya wateja vichwani hawakukosa kazi.

Hadithi iliendelea kuzunguka. 6 River iliuzwa kwa Shopify mwaka 2019 kwa dola milioni 450, na mwaka 2023 Shopify ikaachana nayo na kuiuzia Ocado. Berkshire Grey iliingia sokoni mwaka 2021 ikithaminiwa mabilioni ya dola. Mwaka 2023 SoftBank iliichukua kwa dola 1.40 kwa hisa. AutoStore ilianza kuuzwa Oslo Oktoba 2021 kwa kroni 31 kwa hisa, na mwaka 2025 ilionekana chini ya kroni 10. Mitambo ya kampuni hizo ilifanya kazi. Soko lilikuwa limelipia ukuaji wa miaka mingi mbele kwa mkupuo.

WANAOINGIA

Watu wa kazi hii hutoka sehemu tatu. Wapo wahandisi waliochoka kuchora, wapo wasimamizi wa maghala waliowahi kununua mtambo na kujua unavyouma, na wapo waliouza foklifti. Kundi la mwisho linadharauliwa bila sababu. Muuza foklifti anamjua kila meneja wa ghala katika eneo lake kwa jina, na si ajabu kwamba Toyota Industries, kampuni ya foklifti, ndiyo iliyoinunua Vanderlande mwaka 2017. KION nayo ni ya foklifti.

Kijana asiye na historia hiyo kwa kawaida huanzia mezani, akipiga simu na kuwapangia wakubwa miadi. Anayepanda haraka ni yule anayejifunza kusoma rekodi za oda za mteja na kugundua tatizo kabla ya mhandisi. Maneno mengi hayamsaidii sana.

Kuna pia njia fupi iliyojitokeza, nayo ni kukodisha. Locus na wengine kama hao huwapa wateja roboti zinazotembea zenyewe kwa malipo ya kila mwezi, bila kubomoa ghala. Bodi haiitwi kupitisha mamilioni, na mkataba unaweza kufungwa kwa miezi michache. Muuzaji hupata kamisheni ndogo lakini mapema. Mwenye hisa ajue upande wa pili: roboti hizo zimetengenezwa kwa fedha ya kampuni, na mteja akizirudisha zinarudi stoo zikiwa zimechakaa.

Kwa hiyo anayefikiria hisa za sekta hii atazame oda mpya za robo mwaka kando ya mapato ya robo hiyo hiyo. Oda zikipungua huku mapato yakipanda, kampuni inakula akiba ya miaka iliyopita, na wauzaji wake wanalijua hilo miezi mingi kabla ya soko. Atazame pia malipo ya awali ya wateja katika mizania, kwa sababu mteja aliyeweka fedha ni tofauti na mteja aliyeweka sahihi. Jina la mteja mmoja likichukua nusu ya mapato, bei ya hisa hiyo iko mikononi mwa bodi ya kampuni nyingine.

Mapato ya matengenezo na vipuri nayo yana uzito wake. Maofisa wanaouza mikataba hiyo hawaalikwi sana kwenye picha za maonyesho, na kamisheni yao kwa mkataba mmoja ni ndogo. Lakini ghala lililokwisha kufungwa mtambo hununua vipuri iwe riba imepanda au imeshuka, na wapo wauzaji wakongwe walioomba wenyewe kuhamishiwa huko baada ya ukame wa 2023.

Kuhusu Kroger, Ocado ilisema mara tu baada ya tangazo la kufunga maghala matatu kuwa inatarajia fidia ya zaidi ya dola milioni 250. Desemba 2025 ilielezwa kuwa Kroger italipa dola milioni 350 kwa mkupuo, na kwamba ghala lililokuwa likipangwa huko Charlotte halitajengwa tena.